Mhandisi Mkuu Mlangoni mwa Seva

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Cheo cha mhandisi mkuu kiko wazi! Mkurugenzi atatangaza Ijumaa. Tunaokitaka ni wawili: mimi, ambaye wenzangu huniita Chapuchapu, na Bi Kwanza wa meza ya dirishani. Jina hilo tulimbandika kwa sababu kila akipewa kazi husema kwanza aijaribu kwenye seva moja. Miaka yote hajaangusha kitu. Nikiri humu ndani tu: yule mama ni moto wa kuotea mbali. Anaandika amri za kompyuta huku anakunywa chai, na hafuti hata herufi.

Tatizo dogo: nyumbani nimeshasema cheo ni changu. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea, kanipongeza mpaka kanitoa machozi. Sasa sina pa kurudi.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Mbinu imepatikana! Sisi tunauza tiketi za mabasi mtandaoni. Seva zetu, yaani kompyuta zinazowahudumia wateja, ni tatu, na mbele yao kuna mashine ya kugawa mzigo. Tunaiita Bawabu. Mteja akibisha, Bawabu anampeleka kwenye seva isiyolemewa. Kila ombi analibandika vichwa, yaani maandishi mafupi ya kuiambia seva huyu ni nani, katokea anwani gani. Hachoki, hanuni, haombi likizo. Nampenda sana Bawabu.

Sasa, vichwa hivyo huingia kwenye ripoti anayosoma mkurugenzi kila asubuhi. Safu ya anwani za wateja ni tarakimu tupu, hazina mvuto. Je, pale pakisomeka "Kwa hisani ya Mhandisi Mkuu Chapuchapu", kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho? Atazoea. Akishazoea, kazi imekwisha!

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Nimebadilisha jioni, wengine wakifunga mikoba. Mistari miwili tu, seva zote kwa mpigo. Bi Kwanza alipita nyuma yangu, akauliza kama nimejaribu kwenye moja kwanza. Nikamwambia, dada, wengine tumejaliwa kipaji. Akacheka, akanipa nusu ya biskuti yake. Kushindana na mtu mwema kiasi kile ni mateso.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Balaa! Shule zimefungwa, kila mtu anataka tiketi. Kumbe seva zina ulinzi wao: anwani moja ikibisha kupita kiasi, zinaihesabu ya tapeli na kuifungia. Na mimi nimefuta anwani za wateja! Iliyobaki ni ya Bawabu mwenyewe. Seva zikaona umati wote ule ni mtu mmoja mwenye wazimu, zikamfungia Bawabu mlango. Wateja wote nje.

Simu zikalia. Moja ilikuwa ya mama mkwe, aliyetaka kurudi kwake kesho. Kaandikiwa anashukiwa kwa utapeli. Akaniuliza kwa upole, mwanangu, nimekosa nini? Nilitamani ardhi ipasuke.

Mkurugenzi akauliza nani kagusa. Nikakagua dari. Bi Kwanza akafungua kumbukumbu za seva, akaniona nimejaa ukurasa mzima, akaufunga upesi. Halafu akaanza kazi. Ungeona vidole vile! Akaitenga seva moja, akairudishia kichwa cha anwani, akatuma ombi moja, akatazama, akanywa chai. Ndipo akarekebisha zote. Tiketi zikaanza kuuzwa chai ikiwa bado ya moto. Nilipiga makofi, peke yangu, ofisi nzima ikinitazama.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Cheo ni chake. Mkurugenzi alitaka kunifukuza. Ushahidi upo, kwa hisani yangu mwenyewe. Bi Kwanza akamwambia kama mimi naondoka, basi na cheo akitafutie mtu mwingine. Eti nina mikono myepesi na roho safi, kilichopungua ni kujaribu kwanza, na hilo atanifundisha yeye. Nikalia chooni. Kweli nililia.

Nyumbani nikasema ukweli wote. Mama mkwe akasema mtu wa kukutetea hivyo usimwachie. Yeye bado yupo nasi. Tiketi zimeisha.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Niko ofisini peke yangu. Kusema asante mdomoni hakutoshi kwa mtu kama yule. Nimeandika shukrani ndefu, tena za kutoka moyoni, na kila ombi litakalopita kwa Bawabu litazibeba kichwani. Bawabu katoa onyo kwamba kichwa ni kirefu mno na seva zinaweza kukikataa. Wivu tu.

Nilifikiria kujaribu kwenye moja kwanza, kama alivyosema. Lakini zawadi ya kushtukiza haijaribiwi! Nimewasha zote.

Simu inalia. Ni Bi Kwanza. Kaguswa tayari!