Posa Ambayo Hakuna Aliyeileta

Leo nimeaibika, ndugu zangu, tena kwa Kiingereza fasaha.

Naandika haya nikiwa jikoni kwangu Highview, hapa Louisville. Ni saa moja jioni, jua halijazama, na shada la maua bado liko shingoni mwangu kwa sababu sina nguvu ya kulivua. Nawaandikia ninyi wa kundi letu, mlio Columbus na Buffalo, kabla shemeji Elia hajafika kwake Columbus na kuwasimulia kwa namna yake. Elia akisimulia, mkosaji nitakuwa mimi. (Ni kweli mkosaji ni mimi. Lakini napenda kukiri mwenyewe, kwa mpangilio.)

Mnajua kwamba mwaka mzima sasa binti yangu Neema amekuwa akimhudumia bibi mmoja mzee, nyumbani kwa bibi huyo. Asili yake ni Hawaii, na kila mtu humwita Tutu, neno ambalo kwa lugha ya kwao ni bibi tu. Mnajua pia kwamba Neema anaomba nafasi katika chuo cha uuguzi, na kwamba binti wa Tutu, Bi Leilani, aliyekuwa muuguzi kwa miaka mingi, ndiye anayemwandikia barua ya kumpendekeza. Barua hiyo inatakiwa Jumatatu. Isipofika, Neema atasubiri mwaka mwingine. Liwekeni hilo akilini, maana mimi sikuliweka.

Wiki mbili zilizopita ilikuja kadi. Tulialikwa kwenye luau, sherehe ya kwao yenye chakula, ngoma na maua, Tutu akitimiza miaka themanini na mitano. Chini ya kadi Bi Leilani alikuwa ameongeza kwa mkono wake: "Tunataka kuwashukuru wazazi waliomlea msichana huyu. Njooni na ukoo wote."

Nilisoma mstari huo mara tatu. Hebu someni nanyi. Kuwashukuru wazazi waliomlea msichana! Kwetu Warundi, hata kule kambini Kigoma tulikokulia, hayo ni maneno ya watu wanaokuja kuchumbia. Waungwana hawasemi, "Tunamtaka binti yenu." Huzunguka. Husifu malezi. Na kwa bahati mbaya kulikuwa na mjukuu wa Tutu, Daniel, kijana mpole ambaye kila Alhamisi humrudisha Neema nyumbani kwa gari, na humfungulia mlango. (Nilikuwa nikitazama dirishani. Mama gani asingetazama?)

"Mama Neema," mume wangu aliniuliza, "hao watu wametamka neno posa?"

"Watalitamkaje? Ni waungwana."

"Na Neema mwenyewe anasemaje?"

"Binti mwenye adabu hasemi."

Alinitazama kwa muda, akachukua chakula chake, akaenda kwenye zamu yake kiwandani Jeffersontown. Ndiko alikoshinda hata leo. Nikikumbuka namna alivyonitazama, naona kwamba ndoa yetu imedumu kwa sababu mmoja wetu hujua kunyamaza.

Basi nikajiandaa. Nilimpigia shemeji Elia, mdogo wa mume wangu, kwa kuwa siku ya posa baba mzazi hasemi, husemewa. Elia alibadilishana zamu na mwenzake ghalani, akaendesha gari kutoka Columbus alfajiri. Mdogo wangu Yusta alinunua kule Grant Street, Buffalo, vitambaa vya imvutano, vile tunavyojifunga begani siku za posa na harusi, akavituma kwa posta. Vya rangi ya dhahabu! Tukanunua kreti mbili za Fanta za chupa, maana sisi walokole ndiyo pombe yetu. Nikakitoa kabatini kikapu changu cha kifuniko kirefu, nikakijaza maharage.

Neema hakuona lolote kati ya hayo. Alitoka asubuhi kwenda kumwandaa Tutu, na aliacha ombi moja mlangoni.

"Mama, leo tuwe watu wa kawaida tu. Tafadhali. Barua bado hajanipa."

"Kwani ni lini sikuwa mtu wa kawaida?"

Aliuvuta mlango, akaondoka. Nilidhani ana haraka.

Saa tisa alasiri tuliegesha gari mbele ya nyumba yao. Elia alizima injini, lakini hakushuka.

"Shemeji, kuna jambo halijakaa sawa. Kwa desturi wao ndio wanaokuja kwetu. Inakuwaje sisi ndio tubebe kreti?"

"Amerika mambo yamegeuzwa, shemeji. Hata usukani umekaa upande mwingine."

"Hilo nalo kweli," akasema, akashuka na kreti.

Langoni wakatuvika mashada ya maua, mabichi, yenye harufu nzuri. Kule kambini shada la maua alivikwa mgeni rasmi peke yake: mkuu wa wilaya, au askofu. Elia alinigusa kiwiko.

"Umeona?"

"Nimeona."

(Wageni wengine kama sitini nao walikuwa wamevikwa. Hilo pia niliona. Nikajiambia kwamba ukoo wao ni mkubwa.)

Neema alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha magurudumu cha Tutu. Alipotuona na dhahabu yetu, kreti zetu na kikapu kichwani pangu, alifumba macho. Alipoyafumbua, bado tulikuwepo.

Bi Leilani, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu, alinishika mkono akanipeleka bustanini. Na huko, ndugu zangu, nilikuta magimbi! Magimbi ya kweli, yenye majani mapana kama masikio ya tembo, yamepandwa ndani ya mapipa ili majira ya baridi yaingizwe ndani. Miaka minane tangu tutoke Kigoma sikuwa nimeligusa jani la gimbi. Nililishika, nikaliweka shavuni. Yeye akaelewa, akanisogezea pipa la pili. Tungebaki hapo bustanini siku ingekuwa njema hadi mwisho.

Lakini akasema, "Mgongo wangu umechoka. Natamani kijana mmoja apende kazi hii."

Je, mama wa binti asikie nini hapo? Nikajibu papo hapo, "Neema alianza kulima akiwa na miaka minane. Haogopi jembe."

"Neema ni hazina," akasema.

Hazina! Nilirudi mezani nikitembea kama mama mkwe.

Chakula kilikuwa kizuri. Nguruwe aliokwa chini ya ardhi hadi nyama ikaachana na mfupa yenyewe, na kulikuwa na uji mzito wa magimbi, wa rangi ya zambarau, unaoliwa kwa vidole. Elia alikula sahani mbili. Ya tatu akaipunguza kidogo, "kwa ajili ya hotuba," alisema.

Kisha ngoma. Wasichana watano wenye sketi za majani walicheza polepole, mikono yao ikisimulia. Aliyecheza mbele alikuwa na tabasamu la kumfanya mtu asahau deni la dhambi zake. Alikuja moja kwa moja mezani kwetu, akanivuta mkono, nikainuka. Mikono yake ilikuwa mawimbi. Yangu, kwa mazoea ya kwetu, ikawa pembe za ng'ombe. Watu walishangilia, yeye akaninyanyulia pembe zake naye, tukazunguka hivyo kama watu wa nyumba moja.

Nilirudi kwenye kiti nikihema. "Huyu bila shaka ni wifi yake Neema," nilimwambia Elia. "Watapatana."

Na hapo likaja bakuli.

Bakuli kubwa la juisi ya nanasi, lenye mirija minne mirefu, likawekwa mbele ya Tutu. Bi Leilani akatuita, mimi na Elia, tukanywe pamoja na mama yake. Nanyi mnajua, kwetu wazee wa pande mbili wakiinama kwenye chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake, neno limekwisha. Hakuna kurudi nyuma. Tuliinama. Tutu alinikonyeza. Nilivuta juisi ile machozi yakinilengalenga, nikimwomba Mungu anisamehe kwa yote niliyowahi kufikiri juu ya vijana wa Amerika.

Mwenye kipaza sauti akauliza, "Kuna mtu ana neno kwa Tutu?"

Elia alisimama. Akakaza kitambaa begani. Akakohoa mara moja, kikohozi cha baraza.

Kiingereza chake ni cha ghalani, kwa hiyo nilisimama kando yake nitafsiri. Hiyo ndiyo kazi yangu, hospitalini, kila siku ya Mungu, na kanuni yake ya kwanza mnaijua kwa kuwa nawasumbua nayo: usiongeze, usipunguze.

"Wakwe zetu watukufu," akaanza Elia.

Nikatafsiri. Watu wakatabasamu, kama wanavyotabasamu wasipoelewa.

"Tumeiona kadi yenu. Tumeyaona maua. Tumeonyeshwa shamba. Tumekunywa pamoja."

Nikatafsiri, kwa sauti nzuri. Nyuma ya kiti cha Tutu, Neema alianza kutikisa kichwa. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia. Nikadhani ni aibu ya bibi harusi.

"Ombi lenu mmelifunika kwa heshima. Nasi kwa heshima tunalifunua. Ukoo umekaa, umeshauriana kwa simu kutoka Louisville hadi Buffalo, umekubali. Binti yetu Neema tunampa kijana wenu Daniel."

Nikatafsiri. Neno kwa neno. Nikaongeza hata kunyoosha mkono kuelekea kwa Daniel, aliyekuwa amebeba sinia la mananasi.

Sinia likainama. Nanasi moja likaanguka, likabingirika kwenye nyasi, na sote tukalitazama hadi lilipotua.

Kisha yule mchezaji wa mbele, mwenye tabasamu, akainua mkono taratibu kama mwanafunzi darasani.

"Samahani," akasema. "Mimi ndiye mke wa Daniel."

Elia akaniegemea. "Amesema nini?"

"Anasema yeye ndiye mke wa Daniel."

Elia akafikiri. Akanyoosha mgongo, kwa kuwa ni mtu ambaye hajawahi kuondoka kwenye baraza bila jibu, akatamka, "Mwambie tunaomba muda tukashauriane."

Na mimi, wapendwa, nikatafsiri na hilo.

Hapo Tutu alicheka. Alicheka akiwa na mrija mdomoni. Juisi ikapita njia isiyo yake, akaanza kukohoa, akawa mwekundu, mabega yakamruka. Wanafamilia wakasimama wote kwa pamoja, kila mmoja akipiga kelele zake. Mmoja akataka kumpa maji. Mwingine akataka kumlaza.

"Hakuna maji," alisema Neema. Hakupaza sauti. Alipiga magoti mbele ya kiti, akamwinamisha bibi mbele, mkono mmoja kifuani na mwingine mgongoni, akawa anamsemesha polepole: "Kohoa, Tutu. Endelea. Vizuri. Niko hapa." Kijana mmoja mkubwa alikuwa anamzibia Tutu upepo. Neema alimwambia arudi nyuma hatua tatu, naye akarudi hatua tatu. Baada ya dakika ambayo kwangu ilikuwa kama mwezi, Tutu alivuta pumzi ndefu, akafuta macho, akasema jambo la kwanza lililomjia:

"Nina wajukuu wengine wawili. Hawajaoa. Mmoja ana kazi."

Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Mke wa Daniel akaja kunikumbatia, majani ya sketi yake yakinichoma, akaniuliza kama Neema anajua kupika, "maana Daniel hajui, nami nimechoka." Nilicheka pia. Ndani nilikuwa naitafuta njia ya kutokea.

Ilipofika saa ya kuaga, Bi Leilani alitusindikiza hadi kwenye gari. Neema alikuja nyuma yake, akitazama viatu vyake.

"Ile barua ya chuo," Bi Leilani akasema, "niliimaliza jana."

"Asante," nikasema. Nilikuwa mdogo kama punje.

"Lakini sitaituma kama ilivyo. Usiku huu nitaibadilisha."

 Neema alishika mlango wa gari. Mwaka mzima wa mwanangu, na mimi nimeuzika kwa sarufi safi! Nikaanza kusema kwamba kosa ni langu, kwamba mtoto hakujua lolote, kwamba tafadhali.

"Nitaongeza sentensi moja," akaendelea. "Kwamba nimemshuhudia kwa macho yangu akibaki mtulivu na mwenye adabu, akimhudumia mgonjwa katikati ya jamaa waliochanganyikiwa kabisa."

Neema alicheka. Kwanza puani, kisha kwa mwili wote, hadi akaegemea gari. Tangu asubuhi ilikuwa mara ya kwanza anitazame machoni.

Elia aliniuliza mama yule amesema nini. Nikamtafsiria.

"Jamaa waliochanganyikiwa ni kina nani?" akauliza.

Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu, nilipunguza.

Kikapu changu kimerudi kikiwa na miche mitatu ya magimbi. Fanta walibaki nazo, na nasikia Tutu amekwisha kunywa mbili. Baba Neema amenipigia wakati wa mapumziko akauliza posa imeendaje. Nimemjibu kwamba imepingwa na mke wa bwana harusi. Kwenye simu nilisikia mashine za kiwandani, na juu ya mashine nikasikia mtu anajaribu kutocheka.

Yusta, vitambaa vyako ni vizuri sana, kila mtu ameviona. Nanyi wengine nawasihi msicheke. Atakayecheka katika kundi hili, siku ya posa ya binti yake nitakuja kutafsiri bila kualikwa.