Zoezi la Kuikimbia Bahari Huku Mlimani

Alfajiri, kabla sijawasha moto, kifuniko cha sufuria kililia: ting, ting, ting. Alikuwa panya. Nilimsimulia jirani yangu Veronika tucheke. Veronika akamsimulia mchuuzi wa kabichi, mchuuzi akateremka na habari ya tetemeko hadi Mlali bondeni, na kabla ya Jumapili ilitangazwa kwamba kijiji chetu kimeingia rasmi katika maeneo ya matetemeko makubwa ya ardhi. Tulishukuru. Hatukuwahi kuingizwa popote.

Ikaundwa Kamati ya Kuikabili Bahari. Mwenyekiti wake, Mheshimiwa Wilfred, alikuwa ndiyo kwanza ametoka semina. Ni kijana mwenye adabu; alivua kofia akaniamkia shikamoo, na hilo sijalisahau. Alitueleza kwa upole kwamba huko mbali, chini ya bahari, bamba moja la mwamba hujipenyeza chini ya jingine. Hukwamana kwa mamia ya miaka. La juu hujikunja polepole, likivumilia. Siku likifyatuka, nchi hutikisika, sakafu ya bahari huinuka na kuyasukuma maji, mawimbi huvamia nchi kavu, chumvi huua mashamba, vilima huporomoka, chemchemi huchafuka.

Nilimwelewa mara moja. Barabara yetu nayo imekwama hivyo hivyo, idara moja chini ya nyingine, nasi tunasubiri ifyatuke.

Salum, mtani wa ukoo wetu, aliuliza hapa kwetu bahari iko upande gani.

"Ndiyo maana tunajiandaa, mzee wangu," alijibu Mheshimiwa. "Ikishafika utaniuliza saa ngapi?"

Mwongozo ulitaka wananchi wakimbilie sehemu zilizoinuka. Shida ni kwamba tulikuwa huko tayari. Kamati ikakaa kikao, ikala jogoo wangu, ikatoka na ufumbuzi: kwanza tuteremke wote hadi Mlali, halafu tukimbie kupanda. Ambaye hatakuwa kwenye kimbilio kengele ya adhuhuri ya misheni ikilia, atahesabiwa amekufa, ili takwimu ziwe za kweli.

Kimbilio lenyewe ni shamba langu, kwa kuwa lina tambarare na upepo mzuri. Lingekuwa mali ya Kamati, na viongozi wangejengewa humo nyumba za kuokokea. Nilimweleza Mheshimiwa kwamba shamba lile ni la mama yangu, na la mama yake. Kwetu Waluguru ardhi hupitia kwa akina mama. Nimemwahidi Happiness, mtoto wa binti yangu, naye ameshapanda maharage. Mheshimiwa alisikitika kwa dhati. Akasema kwa heshima yangu hataisaini hati ya kulichukua ofisini. Ataisaini shambani, siku ya zoezi.

Siku ikafika. Tukateremka na mizigo yetu ya kabichi, tukauza, tukanunua sabuni na mafuta ya taa, tukapanda kama kawaida. Kamati ilipanda na viatu vinavyong'aa. Kwenye kona ya kwanza walivua makoti. Kwenye ya pili walikaa chini. Veronika, Mungu ambariki, aliwaachia ndizi.

Kengele ilipolia, kijiji kizima kilikuwa shambani kwangu. Katibu wa Kamati, Faraja, naye alikuwapo, pekupeku, viatu mkononi. Alitazama bondeni, akaandika kwamba Kamati yote imesombwa na mawimbi isipokuwa yeye. Binti mkweli sana.

Kifo kikishatangazwa na serikali hakipuuzwi. Tulitandika mikeka, tukainjika ugali wa msiba. Jua likielekea kushuka, Yakobo mwuza mkaa akatokea amembeba Mheshimiwa mgongoni, akimpoza kwa maneno mazuri njia nzima.

Walimkuta Salum amevaa lile koti ambalo Mheshimiwa alilivua njiani. Kwetu mtani ndiye anayemwigiza marehemu mbele ya wafiwa, na hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia. Salum alikohoa kama Mheshimiwa, akaweka mikono nyuma kama Mheshimiwa.

"Mimi marehemu," alisema, "nilikuwa nakuja kuchukua shamba la Bi Eufrazia. Bahari ikaniwahi."

Wafiwa walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Mimi ni mzima," Mheshimiwa alisema. "Faraja, lete hati nisaini."

"Shikamoo, marehemu," Faraja alijibu kwa adabu. "Aliyekufa hasaini."

"Basi nifute kwenye orodha."

"Kumfuta mtu kunahitaji saini ya mwenyekiti. Na mwenyekiti tumempoteza leo."

Mheshimiwa akakaa kwenye mkeka. Nilimkanda miguu kwa maji ya moto yenye chumvi, akala msiba wake, akaongeza sahani ya pili. Koti lilibaki kwa Salum, ni haki ya mtani. Happiness akarudi kupalilia maharage yake.

Nilimsindikiza Mheshimiwa mpaka njiapanda, nikamshika mkono.

"Uje tena kutusalimia, mwanangu," nilimwambia. "Ukishafufuka."