Chuma Kisichosogea

Jumatatu, 10 Juni

Daftari, nisamehe. Nimekaa kimya tangu Boris aanze kuota meno. Yeye halali, mimi silali, baba yake anakoroma. Lakini leo nina mpango, na mpango ukikaa kichwani mwangu bila kuandikwa unachacha.

Mama Pascaline, mkubwa wa kwaya yetu hapa Kakuma, anatafuta gari la kupeleka viti na spika Kalobeyei Jumapili. Atakayefanya vizuri ndiye atabeba mizigo ya kila mkutano wa kanisa. Nikiipata kazi hiyo, kwaheri mandazi! Kwaheri moshi, na mtoto mgongoni anakohoa kila asubuhi. Pikapu tunayo, kuukuu lakini yetu. Trela nimeazima. Bado chuma cha kuliunganisha na gari.

Shida ni Abul, yule mama wa Sudan Kusini mwenye Land Cruiser na mdomo mkubwa. Naye anaitaka kazi hiyo. Amefunga chuma cha kupandisha na kushusha: unachomoa pini, unasogeza, unarudisha pini. Anakionyesha sokoni kama bibi harusi na bangili. Chuma kihamehame cha nini? Anayejua kupima anahitaji kimo kimoja tu.

Jumanne, 11 Juni

Nimepima mwenyewe. Jean-Luc, mume wangu, alikuwa ametoka kuvuka laga, ule mto mkavu, mchanga mtupu, akaegesha pikapu mlangoni. Akasema nisubiri kwanza ajaze matairi, maana alikuwa ameyapunguza upepo yasizame. Nikamwambia mimi napima chuma, sipimi upepo. Akaenda kunywa chai.

Nikampigia Magloire, mdogo wangu anayechomelea vyuma Lodwar. Eti dada, chukua cha kupandisha na kushusha, gari si meza. Nikamwuliza ni nani alimfundisha kufunga kamba za viatu. Amekubali kuchomelea chuma cha kimo nilichomtajia.

Alhamisi, 13 Juni

Chuma kimefika na lori. Kizuri! Kizito! Hakisogei hata ukikipiga teke. (Nimekipiga. Kidole kimevimba.)

Jean-Luc alikuwa ameshajaza matairi. Tukaunganisha. Trela likainua pua juu kama ngamia aliyetukanwa! Tukapakia viti vya kujaribia, vyote vikateleza nyuma, kimoja kikamwangukia mbuzi wa jirani. Bila shaka Abul akapita saa ileile. Akauliza, Mama Boris, hilo trela linaomba mvua? Watu wakacheka, na Jean-Luc naye, msaliti. Kisha Abul akajifanya mwema: nyumbani anacho chuma kingine kama chake, nikichukue tu mpaka mkutano uishe. Nichukue chuma cha Abul, akiimbe mpaka Lokichoggio? Nikamjibu kwamba trela za kisasa ndivyo zinavyokaa.

Jumamosi, 15 Juni

Nimepata dawa. Ikiwa kipimo kilikuwa sawa matairi yalipopungua upepo, basi na yapungue! Jean-Luc akalalamika kwamba hiyo ni ya mchangani, njia ya Kalobeyei ni lami, matairi yataungua. Huyu anaogopa hata pilipili. Nikatoa upepo mwenyewe kwa kijiti, pssss. Trela likalala sawa kama kitanda. Boris akapiga makofi, kipenzi changu, ana akili kuliko wote humu. Nikambusu ule ufizi uliovimba, nikamwambia mama hatakaanga tena.

Jumapili, 16 Juni

Tairi la nyuma limepasuka kabla ya Kalobeyei. La pili lilikuwa linatoa moshi kama jiko langu. Kwaya, iliyokuwa nyuma ya pikapu, imesimama juani na kanzu zake nyeupe, inanitazama kama mimi ndiye nimelitengeneza jua.

Abul akafika. Hakunicheka, ndivyo alivyo mbaya. Akachomoa pini, akashusha chuma chake, akarudisha pini, akaondoka na trela, viti, spika na kwaya nzima. Mama Pascaline amemshukuru mbele ya kanisa zima, na kazi amempa. Mimi aliniuliza kama kesho mandazi yatakuwepo. Nikasema yatakuwepo, mama. Ningesema nini? Boris lazima ale.

Sasa amelala mapajani pangu, joto kama mkate. Nimetulia, nimefikiri. Kosa si kipimo. Kosa ni trela: limezaliwa fupi. Abul ameniambia tena kile chuma chake cha pili nikichukue, bure kabisa. Asante, hapana! Trela ndilo litapanda kukifuata chuma changu. Mwenye trela bado sijamwambia. Atafurahi.

Asubuhi Magloire apate ujumbe huu, na asinifundishe kazi. Anitumie matairi mawili makubwa ya trela, ya lori yakipatikana. Rimu zake. Springi nene, kulia na kushoto. Vipande vya chuma vya kunyanyulia ekseli. Tairi la pikapu, la nyuma. Na la pili pia, limeiva. Dawa ya ufizi ya mtoto. Unga wa mandazi, gunia, na mafuta ya kukaangia.