Manjaniki Haimpi Mgeni Rasmi Mgongo

Kwiiiii! Mluzi wa spika uliwafikia watu wa uwanjani Nachingwea kabla hawajamwona aliyeshika kipaza sauti. Mbwa walitoka mbio. Kisha sauti nzito ikafuata:

"Wananchi! Kuanzia leo hakuna kitu kitakachoruka Nachingwea wala Ruangwa bila kufuata utaratibu!"

Alikuwa Bwana Protasi, mwenyekiti wa Kamati ya Pamoja ya Vitu Virukavyo. Kamati hiyo iliundwa baada ya kubainika kwamba wilaya hizo mbili zilikuwa zimeishi miaka yote bila kuwa nayo. Ndege na vipepeo walikuwa wamepewa muda wa mpito.

Kitu cha kwanza kukaguliwa kilikuwa manjaniki ya Samia, mwanafunzi kutoka Mandawa: mfano mdogo wa mtambo ambao watu wa kale waliutumia kuvunjia kuta za maadui. Kamati ikiipitisha, Samia angekwenda nayo Lindi kwenye mashindano ya sayansi. Isipoipitisha ingekuwa kuni, naye angerudi kubangua korosho za shangazi yake.

"Inafanyaje kazi?" Protasi alikuwa amemuuliza siku ya ukaguzi.

"Boriti imekaa juu ya egemeo, mzee. Upande mfupi una sanduku la mchanga, upande mrefu una kombeo. Sanduku likianguka, upande mrefu unapaa kwa kasi, kombeo linaachia, bibo linaondoka."

"Bibo?"

"Mwalimu amekataza mawe. Na msimu huu mabibo yamejaa tu chini ya mikorosho."

Protasi alitikisa kichwa kwa uchungu wa kiongozi. Alikuwa ameona tatizo ambalo fizikia ililifumbia macho. "Mchanga huu wa wapi?"

"Mandawa."

"Mandawa peke yake! Malolo je? Mbwemkuru je? Na Nachingwea, wenyeji wa shughuli?"

Kamati ikaketi, ikala, ikaagiza uwakilishi. Kila kata ikaleta mchanga wake, na hakuna iliyokubali kuleta pungufu ya jirani. Sanduku likazidiwa. Ikafungwa ndoo mahali pake.

"Mzee, kwa uzito huu bibo litafika mbali mno."

"Ndiyo maendeleo hayo, binti."

Likabaki suala la itifaki. Mgeni rasmi, Mama Koleta kutoka mkoani, angekaa meza kuu, na huku hakuna kinachompa mgeni rasmi mgongo: si ngoma, si kwaya, si hata ng'ombe wa maonyesho. Protasi aliuzunguka mtambo akitafuta uso wake. Akaamua uso ni penye ndoo, kwa kuwa heshima hukaa penye uzito.

"Geuza. Ndoo imtazame mgeni."

"Mzee! Upande wa ndoo ndiko inakotupia!"

"Kombeo liko nyuma. Kilicho nyuma kitaruka nyuma. Hesabu rahisi tu hiyo, mwanangu."

"Haya. Ila mimi simo."

"Humo ndiyo. Mtekelezaji ni kamati."

Basi siku ya leo ikafika, na Protasi, mkono kwenye pini iliyozuia boriti, akamalizia hotuba yake: "Natamka mbele ya mgeni rasmi: kila kitakachotoka kwenye mtambo huu kimetoka kwangu!"

Meza kuu ikapiga makofi. Akachomoa pini.

Ndoo ya kata zote ikashuka kwa mshikamano. Boriti ikapaa, kombeo likazunguka, na bibo jekundu likavuka uwanja likampasukia Mama Koleta kifuani, juu ya gauni jeupe.

Mama Koleta akalitazama doa. Alikuwa mtoto wa wakulima wa korosho, alijua doa la bibo halitoki; hakuomba maji. Akaomba kipaza sauti.

"Wananchi, hili limetoka kwa nani?"

"Kwa mwenyekitiiii!"

"Binti," alimgeukia Samia kando ya mtambo, "mtambo wako unatupia upande gani?"

"Wa ndoo, mama. Nilimwambia, akasema hesabu rahisi."

"Utakwenda Lindi. Na mwenyekiti, kwa kuwa ana uhakika kwamba upande wa ndoo ni salama, atakuwa anakusimamia pale pale. Si ndiyo, mwenyekiti? Mwambie mwenyewe."

Protasi alirudishiwa kipaza sauti. Spika ikapiga mluzi. Mara hii mbwa hawakukimbia, walikaa wasikilize.

"Samia," alisema, "naahidi mbele ya wananchi. Lindi nitasimama upande wa ndoo."

"Na suti nyeupe," alisema Mama Koleta.

"Na suti nyeupe."