Kombe la Pudini na Makalio ya Ng'ombe

Jumatatu, 2 Septemba
Mshindi wa kombe la pudini ya tende kwenye maonyesho ya kijiji Jumamosi hii atajichagulia nafasi katika mchezo wa Krismasi. Amesema Kasisi Prunella, anayeuongoza mchezo, jana baada ya ibada. Habari kubwa. Miaka tisa sasa mimi ni makalio ya ng'ombe wa mchezo, watu wawili ndani ya vazi moja. Giza, joto, na mbele yangu Wilf wa posta, mla vitunguu. Mwaka huu nataka kuwa mfalme! Kizuizi ni kimoja: Bi Enid Mossop, ambaye hajawahi kushindwa. Mke wangu, Glenys, kaniuliza kama najua oveni yetu inawashwa wapi.

Jumanne, 3 Septemba
Nimeoka. Kitabu kinasema tende zilowekwe kwenye maji ya moto yenye magadi mpaka zilainike. Kupoteza muda! Nimezitia zilivyo. Matokeo: tofali. Sosi ya tofi imeganda sufuriani, mwiko umesimama wima katikati kama mlingoti. Glenys kasema tofali moja halitoshi, niendelee tu, ukuta wa bustani una pengo. Mbwa kanusa, kaenda zake kulala.

Jumatano, 4 Septemba
Mpango mpya. Kesho Bi Mossop anauza pudini zake kwenye meza ya kanisa, kuchangia paa. Nitanunua moja, niihamishie kwenye bakuli letu, niipeleke kwa jina langu. Jaji huonja bila kuona majina. Naye Bi Mossop ataleta yake, sawa kabisa na yangu. Ikiwa vibaya sana, tutafungana. Sioni kasoro.

Alhamisi, 5 Septemba
Kasoro ndogo. Bi Mossop kaniuliza, mbele ya foleni nzima, pudini ni ya nani. Nikasema ya shangazi yangu wa Kendal, mgonjwa. (Alifariki zamani. Hatalalamika.) Bi Mossop kaniita maskini wee, kaniongezea chupa ya sosi na kadi ya kumtakia nafuu. Kanionya nisiipashe sana. Ushauri sikuuomba.

Ijumaa, 6 Septemba
Pudini inafanana mno na ya Bi Mossop. Nimeirudisha ovenini saa nzima ipate sura yangu. Sasa ni nyeusi kiasi, ya kiume. Baadaye Glenys kanifukuza jikoni, eti anapika jamu. Nimemsikia akicheka peke yake.

Jumamosi, 7 Septemba
Jaji kavunjika mguu. Nafasi yake kapewa Bi Mossop! Kwa hiyo hashindani. Kwa hiyo ataonja pudini yake mwenyewe, na ataipa ya kwanza. Nilikaribia kuimba.

Kaonja. Kafumba macho. Kaandika kadi. Pudini yangu imekuwa ya mwisho: "Imekauka kama soli ya kiatu. Aliyeoka aanze kwanza na yai la kuchemsha." Mimi peke yangu duniani najua kuwa Enid Mossop kaiangusha pudini ya Enid Mossop, na siwezi kumwambia mtu!

Kisha akanijia na kikombe cha chai, kauliza shangazi kaionaje ile pudini. Nikasema kalamba bakuli.

"Unaona, Bwana Tyson?" kasema, akiinyooshea kidole pudini yangu. "Mtu mzima anajua chakula. Si kama huyu!"

Kombe kachukua Glenys. Glenys wangu! Haikuwa jamu. Kasisi kamuuliza anataka nafasi gani. Nilimnong'oneza: mfalme, mpenzi, niombee mimi mfalme. Kachagua mkamuaji. Yule mwenye ndoo, kigoda na fimbo. Ukumbi umecheka mpaka vikombe vikagongana.

Jumapili, 8 Septemba
Nimetafakari kwa utulivu. Kosa limejulikana: nilichagua pudini. Kasisi kathibitisha leo kwamba maonyesho ya mboga ni Jumamosi, 5 Oktoba, na mwenye boga kubwa kuliko yote naye atajichagulia nafasi. Mazoezi ya ng'ombe yanaanza kesho saa moja jioni. Glenys ameshaanza kuijaribu fimbo kwenye mto wa kochi. Haidhuru. Kule Kendal, duka moja la shambani lina boga dirishani, kubwa kama kondoo. Jumanne naenda kulichukua. Nikiulizwa, ni la shangazi.