Mkwe Wangu Arudishwe Kwenye Kiti Chake

Ndugu Meneja wa Waandishi wa Programu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote mnaofanya kazi chini ya paa hilo. Hatujuani. Mimi ni mama mkwe wa yule kijana wako mrefu anayefanyia kazi nyumbani, yule ambaye kwenye mikutano yenu ya kompyuta huonekana mbele ya kabati lenye mlango mmoja. Mlango wa pili uko uani, nitaufikia.

Tangu mlipompa ile programu msaidizi inayoandika programu nyingine, nyumba hii haikaliki. Zamani mkwe wangu aliketi mbele ya kompyuta asubuhi hadi jioni, mgongo umepinda, akiitwa haitiki. Sasa anaiandikia ile programu maneno mawili matatu, anaipa kazi, na kazi inaendelea yenyewe kwa nyuma. Yeye anasimama, anajinyoosha, anakuja jikoni. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jikoni ni kwangu. Binti yangu ni muuguzi, huondoka alfajiri, na ndiyo sababu niliitwa hapa mjukuu alipozaliwa. Sasa kila nikigeuka nakutana na mkwe. Anafunua sufuria. Anauliza kwa nini chumvi inatiwa mwisho. Mimi na mkwe wangu tulikuwa tukiheshimiana vizuri sana kwa kutoonana. Leo tunagombania mwiko.

2. Ugonjwa umeenea. Mkwe amegundua kwamba kama kompyuta inaweza kufanya kazi tatu kwa nyuma, nyumba nayo inaweza. Basi anabandika maharage, analoweka nguo, anaung'oa mlango wa kabati ili aunyooshe, kisha anakwenda kumbembeleza mtoto. Ukimuuliza anakujibu kwa upole, "Mama, usijali, inakwenda kwa nyuma." Ndugu Meneja, maharage hayaendi kwa nyuma. Maharage yanaungua. Nguo zililowekwa mpaka zikatoa harufu, na mlango wa kabati, kama nilivyotangulia kusema, bado uko uani, unakwenda kwa nyuma.

3. Hili linaniuma, nalisema wazi. Mjukuu wangu, ambaye tunamwita Bibi Mdogo kwa jinsi anavyoamrisha, amekataa kuogeshwa na mimi. Anamtaka baba yake, kwa sababu baba anampulizia mapovu. Mtoto ambaye nimemwogesha tangu kitovu hakijadondoka! Nikajiuliza: kama baba yupo, na mikono yake yote miwili ni mitupu, mimi hapa nafanya nini? Nimeshautoa mkoba wangu wa safari juu ya kabati. Nimeufuta vumbi tu, lakini nimeutoa.

4. Programu yenyewe haina subira. Juma lililopita nilikuwa sebuleni peke yangu, kompyuta ikalia, ting. Ikalia tena. Mimi nilifundishwa kwamba mtu akibisha hodi huitikiwa, hata kama mwenye nyumba hayupo. Nikasogea, nikaona imeandika swali refu, na chini yake Ndiyo na Hapana. Kumwambia mgeni Hapana akiwa mlangoni siwezi. Nikabonyeza Ndiyo. Kumbe ilikuwa ikiomba ruhusa ya kufuta mafaili ya zamani, yote. Nilisikia baadaye kwamba wateja wenu walikosa risiti na wewe ulipaza sauti. Mkwe akakaa kitini siku kadhaa akirudisha vilivyofutika, na mimi sikusema kitu. Jikoni nilibaki peke yangu, kila kifuniko mahali pake, maharage yakaiva vizuri. Hakuna aliyeniuliza habari za chumvi. Nilifurahi sana. Siku ya pili nilijikuta naielezea sufuria kwa nini chumvi inatiwa mwisho.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, ile programu ifanye kazi mbele, si nyuma, na isiandike hata mstari mmoja bila mkwe wangu kuikodolea macho. Kama hilo haliwezekani, basi iwe inamuuliza jambo kila anapokaribia mlango wa jikoni. Na kama hata hilo ni gumu, yeye abaki kwenye kiti na programu ije kwangu. Angalau yenyewe haionji mchuzi.

Nisalimie wote hapo ofisini: mhasibu, mlinzi wa getini, na yule dada mwenye sauti nzuri ambaye kila mkutano huambiwa hasikiki.

Ni mimi, mlinzi wa jiko,
Mama Mkwe

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha kompyuta ilipolia kule sebuleni. Mkwe alikuwa hapa mezani anachambua maharage. Nikamwambia nenda kaitikie. Akacheka, akasema, "Kaitikie wewe, mama, ila safari hii usome kwanza." Nikaketi. Kumbe alijua tangu siku ile. Saa ile nilipobonyeza alikuwa bafuni na mtoto, mikono imejaa sabuni, na hapa nyumbani hakuna mtu mwingine wa kubonyeza. Nikamuuliza kwenu alisema nini. Alisema ni yeye aliyebonyeza. Akaniambia pia kwamba mkoba wangu ameshaurudisha juu ya kabati, maana ulikuwa unaziba njia, na kwamba mchuzi wake bila mimi haulikiki.

Basi, Ndugu Meneja, lile la namba nne ni kosa langu, si lake, na ndiyo sababu pekee naituma barua hii. Mengine yote bonyeza Ndiyo, yafutike. Tena Alhamisi mpe kazi ndefu, ya kwenda kwa nyuma kutwa nzima. Tunaurudisha ule mlango wa kabati, na mmoja peke yake hawezi kuushika.