Faida ya Kuugua

Jumatano, 8 Oktoba 1997

Vidonge vyangu vya presha vimekwisha. Mshahara haujaja. Tangu nchi jirani zitufungie mipaka, sukari yenyewe ni anasa, sembuse dawa. Nikiwaza madeni, kichwa kinagonga. Kikigonga, siendi kazini, madeni yanazidi. Nimechoka.

Daphrose, mke wangu, anashauri tuuze redio, tununue vidonge. Redio! Hana maono. Bonfils wa ofisini aliugua malaria juzi, wenzetu wakamletea bahasha nono. Malaria tu! Mimi nina presha, ugonjwa wa wakubwa. Kesho naanguka.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimeanguka mlangoni kwa mkurugenzi. Hakuwapo. Aliyeniona ni Bonfils, akasema yeye alipougua alianguka vizuri zaidi. Hata hivyo ataleta wenzetu Jumamosi, na bahasha ataishika yeye.

Mgeni hakai na koo kavu. Nimekopa kreti ya bia kwa Mirindi, mwenye duka nyuma ya ua wangu. Huo ndio mtaji.

Jumapili, 12 Oktoba

Balaa! Walikuja wengi. Nikajilaza, nikaguna. Mama Léocadie wa kikundi cha sala aliniombea mpaka kreti ikaisha. Nikakopa ya pili. Bahasha hutolewa wageni wakiaga, nami nikasubiri waage. Hawakuaga. Bonfils akachungulia dirishani, akatabasamu.

“Couvre-feu imetukamata, Hyacinthe, saa hizi askari hawaruhusu mtu njiani. Tutalala hapa, we usijisumbue.”

Mama Léocadie alipewa kitanda changu. Mgonjwa nikalala mkekani. Kwa kunihurumia nisizidi kukopa, Bonfils alinunua kreti ya tatu kwa pesa za bahasha. Asubuhi walimaliza sukari, wakaenda kanisani.

Jumanne, 14 Oktoba

Mirindi alikuja kudai. Nilisimama nimweleze, ukuta ukazunguka. Nikaanguka kweli, bila hata kuchagua mahali. Naandika haya kwenye kitanda cha zahanati.

Alhamisi, 16 Oktoba

Daphrose ameuza redio, amelipa zahanati na kuninunulia vidonge. Muuguzi anasema presha yangu inalishwa na mawazo, na mawazo yanalishwa na madeni. Nimeze kila siku, nisikope.

Daphrose alisubiri muuguzi atoke.

“Mi siogopi deni. Naogopa kubakia mwenyewe na batoto.”

Niliona aibu sana. Nikamshika mkono, nikaapa kwamba mipango imekwisha. Alilia, nami nikalia.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nyumbani. Kichwa kimetulia, na kikitulia kinafanya kazi. Mtu aliyepona hana budi kumshukuru Mungu mbele ya watu, na watu hawaji kwenye shukrani mikono mitupu. Kosa letu lilikuwa saa tu. Safari hii nitawaalika mchana, waage kabla ya couvre-feu. Bahasha itapokelewa mlangoni, na Bonfils haigusi.

Mirindi hakopeshi tena bila rehani. Nimeelewana naye vizuri. Daphrose yuko sokoni, nitamweleza baadaye. Kreti mbili ziko chini ya kitanda, na vidonge viko kwa Mirindi mpaka Jumapili ijayo.